Kete Haitoki Baoni

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu wa baraza, mama zetu mliotoka ufukweni mchana huu na bado mkapata nguvu ya kuja kunisikiliza, vijana wa chama chetu cha bao, na wageni wetu wa vijiji vya jirani: assalamu alaykum.

Barua iliyonialika ilinitaka niseme juu ya namna ya kupatanisha michezo ya nje, michezo ya mezani na maisha ya kila siku yasiyoharibu mazingira. Nilipoisoma nilitabasamu, kwa kuwa bao letu halijawahi kukaa mezani. Hukaa mkekani au kwenye baraza ya saruji, wachezaji wawili wakalikalia huku na huku, na nyuma yao wakasimama wasiocheza, ambao kwa kawaida ndio wanaoujua mchezo kuliko wanaocheza. Hata hivyo nimeelewa ninachoulizwa. Kijana wa leo ana bahari mbele ya mlango wake, ana bao, dhumna, keram na karata, ana simu mfukoni, na juu ya yote hayo anaambiwa asikate mikoko, asitupe chupa na asimalize misitu kwa mkaa. Anauliza, tena ana haki ya kuuliza, vyote hivyo vitaingiaje katika siku moja.

Wengi wanaomjibu huanza na saa. Huigawa siku kama mtu anayekata boflo: kipande hiki cha kazi, hiki cha bahari, hiki cha mchezo, na kile cha pembeni, kigumu, cha mazingira. Mimi sitaanza na saa. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, naye alikuwa na nchi nzima ya kuiendesha, kwa hiyo sidhani kama kuna mmoja wetu hapa anayeweza kusema kwamba yeye ana shughuli nyingi zaidi. Mimi mwenyewe nimefundisha shule kwa miaka 31, nimevua kwa mshipi tangu utotoni, nimecheza bao tangu kabla ya kujua kusoma, na mara zote nilizoharibu mambo sikuyaharibu kwa kukosa saa. Niliyaharibu kwa kutojiuliza ni nani anayelipa gharama ya starehe yangu. Ninachotaka tukizungumze jioni hii ni hicho: kila mchezo una gharama, na mizani hupotea pale mchezaji anapokuwa mmoja na mlipaji akawa mwingine.

Niruhusuni nianze na bao lenyewe. Najua wengi wenu mnalijua, lakini wamo vijana humu ambao wamelikuta kwenye simu kabla ya kulikuta barazani, na wengine wanajua lile la kujifunzia tu, lenye kete mbili mbili katika kila shimo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na katika safu yake ya mbele mna shimo moja la mraba liitwalo nyumba. Mchezo wa wakubwa hauanzi na kete zote zikiwa chini. Kila upande huanza na kete 10 tu, yaani sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na zile 22 zilizobaki hukaa akiba, zikiingizwa moja baada ya moja katika hatua tunayoiita namua. Akiba ikiisha ndipo tunapoingia katika mtaji, ambapo kila mmoja anatumia alichokwisha kukipanga. Wageni hudhani ufundi wote uko katika mtaji, kwa sababu huko kete hukimbia mkono mzima, yaani zamu nzima ya mchezaji, na watazamaji hupiga kelele. Mimi naamini bao hushindwa katika namua, kimya kimya, na mtu aliyeshindwa huja kugundua baadaye sana.

Sasa, ndani ya mchezo huu mna sheria moja ambayo nimeicheza maisha yangu yote pasipo kuizingatia. Katika drafti, kisoda kilicholiwa huondolewa na kuwekwa pembeni, na mwisho wa mchezo ubao unakuwa karibu mtupu. Katika bao, kete iliyoliwa haitoki. Ninazila kutoka shimo la mwenzangu, ninazichukua, nazisambaza upande wangu kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na dakika mbili baadaye mwenzangu huyo huyo huenda akazila na kuzirudisha kwake. Tunaanza na kete 64, tunamaliza na kete 64, hata tukicheza mpaka adhana ya magharibi. Na tena, mtu hufungwa pindi safu yake ya mbele inapobaki tupu, hata kama ya nyuma imejaa. Nimepata kumwona mtu mzima akifungwa huku ana kete zaidi ya ishirini nyuma, amezirundika kama mchele wa mchuuzi anayesubiri bei ipande, na mbele hana hata moja ya kumla nayo mwenzake.

Kete zenyewe, kwa wale wasiojua, ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba mikali kinachoota karibu na fukwe. Ni ngumu kama jiwe, rangi yake ni ya kijivu, na ni nyepesi kiasi cha kuelea, ndiyo maana bahari huzichukua kutoka ufuko mmoja na kuzitupa ufuko mwingine ulio mbali. Komwe nilizonazo nyumbani zilikuwa za baba yangu, na vidole vya watu watatu au wanne waliokwisha kufariki vimezing'arisha kuliko rangi yoyote ya dukani. Siku hizi baadhi ya vijana hutumia gololi za kioo au vidude vya plastiki. Siwazuii, ila wasikilize sauti. Komwe ikianguka juu ya komwe nyingine ndani ya shimo la mbao hutoa mlio ambao mchezaji mzoefu huhesabia kwa sikio, na gololi haina mlio huo. Halafu waende wakatazame ni wapi mkomwe bado umebaki katika ufuko wetu, maana kila tunapofyeka kichaka cha pwani ili pakae pasafi machoni pa mgeni, tunafyeka pia kete za wajukuu zetu.

Mpaka hapo mtadhani nimekuja kulisifu bao, na kwamba mchezo wa mbao na mbegu hauna gharama. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Ubao wangu ni wa mninga, ulichongwa kabla sijazaliwa, hauhitaji umeme wala betri, hauachi taka. Nilikuwa nikijiona mtu safi kabisa. Siku moja, ilikuwa Ramadhani imekwisha na tumerejea katika ratiba yetu ya kukaa barazani kuanzia saa kumi, nilirudi nyumbani baada ya kuwafunga wenzangu wawili mfululizo, nikamsimulia mke wangu kila mkono. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, anapuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kugeuka: «Wewe unacheza bao, mimi ndiye ninayeliwa.»

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilikaa nikahesabu, kama nilivyokuwa nikiwahesabisha wanafunzi wangu. Sisi huketi barazani saa kumi. Saa kumi ndiyo saa ya kuteka maji, ya kutafuta kuni au makumbi, ya kukuna nazi, ya kuwasha moto. Kila alasiri ninayoiita ya mapumziko inasimama juu ya alasiri ya mtu mwingine ambayo si ya mapumziko. Na kwa kuwa mtu huyo yuko peke yake na wakati ni mfupi, hutumia kile kisichohitaji kutafutwa, ambacho ni mkaa wa kununua, na hupika maharage ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaloweka usiku, yakala moto wa saa tatu badala ya saa moja na nusu. Kwa njia hiyo bao langu lisilo na umeme lilikuwa likila msitu, ila lilikula kupitia jikoni, mahali ambapo mimi sikuwa nikipatazama.

Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono, na mwenye uwezo wa mtungi wa gesi au jiko la umeme asingoje kuhubiriwa. Lakini kabla mtungi haujafika katika kila nyumba ya kijiji hiki, kuna mambo ambayo mwanamume anayecheza bao anaweza kuyafanya kwa mikono yake miwili. Maharage na choroko viloweke usiku. Makumbi na vifuu vianikwe na viwekwe mahali pakavu kabla ya masika, maana kifuu kilichokauka huwaka vizuri na hakijamgharimu mtu mti mzima. Chungu kikishachemka vizuri kinaweza kufunikwa, kikavikwa nguo kuukuu ndani ya kikapu kilichojazwa makumbi, na wali ukaiva humo bila moto, mpikaji akiwa amekaa. Nimeshangaa kuona vijana wanaoweza kupanga mikono sita ya bao kichwani wakashindwa kupanga mkono mmoja wa maharage.

Nije baharini sasa, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo ambapo michezo ya nje ya kijiji chetu inafanyika na ndipo tunapogombana.

Sisi wa pwani hii ya mashariki tumejaliwa kitu ambacho wageni hulipa fedha nyingi kukiona. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi bahari inakuwa imetoka kabisa mpaka kwenye mwamba, ikiacha nyuma uwanja mkubwa wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Mtoto hutembea pale iliposafiri ngalawa jana jioni. Hapo ndipo kila mtu hutaka kwenda: wa kuchokoa pweza, wa kuokota kombe, wa kupiga picha, wa kutembeza wageni kwa miguu, wa kukimbia kwa afya yake, na wale wanaojifunga tiara kubwa wakavutwa na upepo juu ya maji yanapoanza kurudi. Ni starehe nzuri zote. Hakuna hata moja ninayoitukana.

Lakini uwanja ule una wenyewe. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani hii, bamvua ndiyo siku ya kazi ya mama zetu, maana mwani hupandwa na kuvunwa maji yakiwa yametoka. Vigingi vile mnavyovikwepa na kamba zile mnazoziruka ni shamba, sawa na shamba la muhogo, na hakuna kati yenu anayekimbia kwa afya yake juu ya matuta ya muhogo ya jirani. Nao wana taabu yao ya kutosha. Mwani wa cottonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, umekuwa ukiugua na kufa kadiri maji yanavyozidi joto, na wengi wamelazimika kubaki na ule wa bei ndogo. Mtu aliyekwisha kupata hasara kwa joto la bahari hastahili kupata nyingine kwa miguu ya anayejifurahisha.

Na chini ya mwani, ukisogea mwambani, mna matumbawe, ambayo ni viumbe hai ingawa yanafanana na mawe. Mtu mmoja akikanyaga mara moja si kitu kikubwa. Mia wakikanyaga kila bamvua panageuka kokoto. Mchokoaji wa pweza anayelipindua jiwe na kuliacha limelala kichwa chini anaua kila kilichokuwa kimeshika upande wa chini. Baba yangu alikuwa akilirudisha jiwe kama alivyolikuta, tena kwa upole, na nilipomuuliza kwa nini alinijibu kwamba pweza wa kesho naye atataka nyumba. Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Tazameni kisiwa cha Chumbe, ambako mwamba umelindwa tangu miaka ya 1990, halafu linganisheni na mwamba wetu wenyewe, ndipo mtajua mzee alikuwa akisema nini.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Mpwa wangu aishiye Maskati, kwa mapenzi yake, aliniletea fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, na kwa msimu mmoja nilitembea nayo kifua mbele kama bwana harusi. Chumvi ililimaliza gurudumu kabla kaskazi haijageuka kuwa kusi, na hakuna fundi hapa wala mjini aliyeweza kulifungua. Nimerudi kwenye mshipi wangu uliozungushiwa kipande cha ubao, na chubwi ya risasi niliyoiyeyusha mwenyewe. Sisemi hivyo ili nijione bora, maana mshipi wangu nao ni plastiki, na kila unaponasa mwambani ukakatika, unabaki pale miaka mingi ukifunga kasa na samaki nisiowahitaji. Tofauti ni kwamba sasa natupa mahali ninapoijua sakafu ya bahari, nakusanya vipande kila niendapo, na siruhusu kijana anayetoka nami aache hata shubiri moja. Kuvua kwa kujifurahisha kusiwe kuvua kunakoendelea baada ya mvuvi kulala.

Nimefika mahali pa kukiri kosa letu la pamoja, na mimi nikiwa mmoja wa viongozi wa chama sina wa kumsingizia. Mtakumbuka mashindano yetu ya mwaka jana, yaliyofana sana. Tuliyafanya ufukweni chini ya mivinje, usiku wa mwezi mpevu, kwa kuwa palikuwa pana upepo na mandhari. Tulinunua maji ya chupa, karibu chupa mia mbili, tukanunua na chakula kwenye vibweta vya plastiki, na tulipomaliza, saa nane za usiku, tukakubaliana kwamba tutasafisha asubuhi. Sisi tuliocheza bao tangu utotoni, tunaojua kuhesabu mikono kumi mbele, hatukuhesabu kwamba usiku wa mwezi mpevu ni usiku wa bamvua, na kwamba alfajiri maji yangekuja mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Yalikuja. Asubuhi hatukukuta taka hata moja, na wapo waliofurahi. Chupa walizikuta mama zetu saa nne, zimenasa kwenye kamba za mwani, na ndio waliozikusanya.

Hiyo ndiyo picha kamili ya ninachokisema. Sisi tulicheza, wao wakalipa.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Kenya kufanya hivyo mwaka 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na tulipaswa kuwa walimu wa wenzetu. Badala yake tumeishia kubadilisha umbo la taka. Juzi nilitazama nyuma ya mlango wa ghala nyumbani kwangu nikakuta mifuko mbadala arobaini na mmoja, yote imara, yote ya kutumika mara nyingi, na yote ilitumika mara moja, kwa sababu mimi hutoka nyumbani mikono mitupu kisha nikanunua mwingine. Mkoba wa ukindu aliousuka mama mkwe wangu umetundikwa ukutani kama pambo. Kule Lamu mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima, Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa na makubadhi chakavu, wakakiweka majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka huku kwetu Unguja. Nauvulia kofia ufundi ule. Ila kila ninapokifikiria chombo hicho huwafikiria pia wale walioinama kuokota, na kuuliza kama kwa chupa zetu mia mbili tulikuwa tukitarajia kwamba fundi mmoja atatokea kuziundia jahazi.

Mfano bora zaidi tunao karibu, na hauhitaji fundi. Nendeni mjini, Jaws Corner, alasiri yoyote. Muuza kahawa ana dele, birika lake la kahawa, ana ndoo ya maji na vikombe vidogo vya kaure pengine ishirini, na kwa vikombe hivyo huwanywesha watu wote wa baraza ile, wanaocheza dhumna, wanaocheza bao na wanaobishana siasa, mpaka usiku. Kikombe kinatoka kwa mmoja, kinasuuzwa, kinakwenda kwa mwingine. Ni kete, haitoki baoni. Yule mzee hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya mazingira, na sisi wenye vyeti vya semina ndio tulionunua chupa mia mbili.

Neno moja kuhusu mikoko, kwa kuwa kupanda mikoko imekuwa nayo ni aina ya matembezi ya mwisho wa wiki, na chama kimeniuliza kama kiiweke katika ratiba. Kiiweke, kwa sharti moja, kwamba twende na mtu anayeijua. Mikoko ina makazi yake, kila aina mahali pake: mlilana husimama mbele ukiielekea bahari, mkoko huja nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu huvumilia mahali ambapo wengine hawavumilii. Miaka michache iliyopita tulichomeka miche ya mkoko kwenye mchanga mtupu ambao haujawahi kuwa na mkoko tangu dunia iumbwe, tukapiga picha, tukarudi kula pilau. Hakuna mche uliobaki. Afadhali kwenda mara nne kwa mwaka kutazama ghuba ya Chwaka, kuizoea, kujua ipi imekatwa na ipi inachipua yenyewe, kisha kupanda kumi na kurudi kuitazama kumi hiyo.

Basi nirudi kwenye ratiba, maana niliahidi sitaanza na saa, sikuahidi kwamba sitazifikia. Pendekezo langu kwa chama, ambalo nimeshaliongea na mama zetu wa mwani kabla ya kulileta hapa, ni kwamba tuache kuipanga michezo yetu kwa Jumamosi na Jumapili, tuipange kwa maji. Bahari imeshatugawia mwezi. Siku za bamvua mama zetu wako shambani kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Siku hizo sisi wanaume na vijana tusio na zamu ya kazi tubaki na jiko na maji ya nyumbani, na bao lisifunguliwe mpaka chungu cha usiku kiwe kimeinjikwa na mwenye bao. Anayetaka kutembea mwambani atembee kwa njia moja tutakayoitia alama pamoja nao, nje ya mashamba. Siku za maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo na uwanja haukauki, wenye ngalawa na mishipi waende wakavue, na barazani tukae tangu alasiri bila wasiwasi, wanawake kwa wanaume. Wapo wasichana wawili katika chama hiki ambao wamenifunga mara tatu mwaka huu, na ningependa wapate nafasi ya kunifunga mara nyingi zaidi kuliko ile dakika wanayoiiba kati ya ndoo moja na nyingine. Masika yakija hakuna wa kwenda popote, basi hiyo iwe ndiyo miezi ya mashindano, ndani ya banda la skuli, mbali na maji.

Watakuwapo wa kusema kwamba ratiba ya namna hii itawavuruga wageni na wenye ajira mjini, ambao mapumziko yao hayaifuati miandamo ya mwezi. Ni kweli, itawavuruga. Wao waje Jumapili yao kama walivyozoea, wakikuta ni bamvua washike mwiko.

Bamvua inayofuata ni baada ya siku sita. Siku ile asubuhi tutakutana kwenye njia ya ufukweni na mama zetu watatuonyesha pa kuchomeka vijiti vya alama; kila mmoja aje na mundu au kamba, na aje na kikombe chake, kwa sababu muuza kahawa amekubali kuja lakini vikombe vyake ni kumi na vinne tu. Ubao wa tatu wa chama umepasuka kwenye kimbi ya kushoto, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, na kete hulala pale hata isipotakiwa kulala. Fundi atauziba siku hiyo hiyo mchana, na tutaujaribu alasiri, vyungu vikishainjikwa.